Meditesheni inapunguza msongo. Ukilinganisha na nini?

Mwaka 1968 vijana waliokuwa wakifanya Transcendental Meditation walimfuata Herbert Benson, daktari wa moyo pale Harvard, wakamwomba awapime. Waliamini wanashusha presha kwa kukaa tu wamefumba macho. Benson, aliyekuwa akichunguza presha kwa kima, aliwakataa. Tumwelewe jamani: enzi hizo, mtafiti kijana kujihusisha na mambo ya maguru ilikuwa ni kujiharibia jina. Lakini hawakuchoka, wakarudi mpaka akakubali.

Kumbe Los Angeles nako mwanafunzi wa uzamivu, Robert Keith Wallace, alikuwa akipima kitu hichohicho. Wakaungana, na mwaka 1971 wakachapisha vipimo vya watu 36. Wakati wa meditesheni, matumizi ya oksijeni yalishuka kwa takribani asilimia 17. Lakteti kwenye damu, ambayo wakati ule ilihusishwa na wasiwasi, nayo ikashuka. Benson akaona hapo kinyume cha ule mshtuko wa mwili alioueleza Walter Cannon, naye wa Harvard, miaka ya 1910: moyo kudunda, pumzi kwenda mbio, mtu yuko tayari kupigana au kukimbia. Kitabu chake cha 1975, The Relaxation Response, kiliuzwa sana. Kilisema guru si lazima. Chagua neno lako, lirudie kimoyomoyo kwa dakika 10 hadi 20.

Sasa rudi kwenye wale watu 36. Kila mmoja alilinganishwa na yeye mwenyewe, kabla na wakati wa meditesheni. Je, angekaa tu kwenye kiti bila kuwaza lolote la maana? Swali hilo, ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote katika historia hii, lilijaribiwa mwaka 1976 na Michaels na wenzake katika jarida la Science. Watu 12 walifanya meditesheni, wengine 12 walipumzika tu. Kwenye adrenalini na lakteti, tofauti ya maana haikuonekana.

Hii haisemi kwamba meditesheni ni uongo. Mapumziko yenyewe yana nguvu, basi.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, aliyesomea baiolojia ya molekuli, alianzisha kliniki katika chuo cha udaktari cha Massachusetts. Kozi yake ya wiki 8 ilikuwa na umbo maalumu, hivyo ingeweza kujaribiwa kama dawa. Tafiti nyingi zikafuata, ila mara nyingi kundi la pili liliambiwa tu lisubiri zamu yake. Anayesubiri hana mwalimu, hana wenzake wa kukaa nao, na hategemei kupona kesho.

Mwaka 2014 Goyal na wenzake walichambua majaribio 47 yenye watu 3,515, wakichukua yale tu ambayo kundi la pili nalo lilipewa kitu cha kufanya. Kwa wasiwasi, sonona na maumivu, ushahidi ulikuwa wa wastani. Kwa msongo ulikuwa hafifu. Na hakukuwa na ushahidi kwamba meditesheni inayashinda mazoezi ya mwili au dawa.

Furaha je? Hapo hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba inaongezeka. Furaha haina lakteti ya kupima. Inapimwa kwa dodoso, na anayelijaza ni mtu aliyetumia wiki 8 akitamani sana kozi imfae.