Nani Ameketi Kwenye Kiti cha Mwongozaji

Mwaka 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza wawili walianzisha kituo cha kutengeneza filamu. Meja L. A. Notcutt alisimamia upigaji picha, Geoffrey Latham akashika upande wa elimu. Fedha zilitoka Carnegie Corporation ya New York, na mradi wenyewe uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulidumu hadi mwaka 1937. Katika muda huo zilitengenezwa filamu 35, na lori likazitembeza Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: bwana mmoja anazika pesa zake ardhini zinaibwa, mwenzake anazipeleka posta na mambo yanamnyookea. Nyingine zilihusu safura, kodi na soko la kahawa. Maelezo yalitiwa kwenye santuri, ili picha zilezile ziweze kusemeshwa lugha tofauti kila lori lilipofika kwa watu wengine.

Waliocheza katika filamu hizo walikuwa Waafrika. Vijana wa pale walifundishwa pia kazi kadhaa za mikono. Lakini hadithi hawakuitunga wao, na uamuzi wa picha ipi ibaki na ipi itupwe haukuwa wao. Mimi ni mhariri wa filamu, na kwa mhariri uamuzi huo ndio kazi yenyewe. Kila ninaposikia kambi mpya ya mafunzo imetangazwa, iwe Nairobi, Kampala au Zanzibar, huuliza jambo moja kabla ya kuuliza fedha zimetoka wapi: kamera ikianza kuzunguka, nani ameketi kwenye kiti cha mwongozaji?

Swali hilo lilichukua miaka mingi kupata jibu la kuridhisha kwetu. Kitengo cha filamu cha serikali ya kikoloni kilipoamua baada ya vita kuwafundisha Waafrika kutengeneza filamu wenyewe, shule ilifunguliwa Accra mwaka 1948, mbali na pwani yetu. Kenya nayo ilipata chuo chake cha mawasiliano ya umma, KIMC, pale South B, Nairobi, ambako Wajerumani walisaidia kujenga mafunzo ya filamu. Chuo hicho kinastahili heshima kubwa kuliko kinayopewa. Anne Mungai alisomea pale, na mwaka 1992 akatoa Saikati, filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuongozwa na mwanamke. Sao Gamba alikuwa ameshatoa Kolormask mwaka 1986. Lakini chuo kinampa mtu cheti na kumfungulia lango atoke. Nje ya lango hapakuwa na kazi ya filamu ndefu ambamo mwanagenzi angesimama kando ya fundi mwaka hadi mwaka. Wengi waliishia kwenye matangazo ya biashara, filamu za mashirika ya misaada, au kubeba taa kwa wageni waliokuja kupiga picha za simba Maasai Mara.

Wengine tuliingia kwa mlango wa arusi. Nilijifunza kukata picha katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, River Road, tukihariri kanda za arusi na mazishi. Kazi ile ilinipa jicho na subira. Mtu aliyekaa saa nyingi akitafuta dakika tatu za mama mzazi akilia bila kumdhalilisha amejifunza jambo kubwa. Ila hapakuwa na mtu wa kuniambia kwa nini mkato fulani unauma na mwingine haufanyi lolote. Kipaji kilikuwepo tele mjini. Kilichokosekana ni mkubwa wa kazi wa kuketi karibu nawe ukiwa katikati ya kutenda.

Mkubwa wa aina hiyo alijitokeza kwanza Kampala. Mira Nair, mwongozaji mzaliwa wa India, alifika Uganda kupiga Mississippi Masala, iliyotoka mwaka 1991, filamu inayogusa kufukuzwa kwa Waasia na Idi Amin mwaka 1972. Alifanya makazi katika mji ule, na mwaka 2004 akaanzisha Maisha Film Lab. Mfano wa kambi za namna hiyo ulikuwepo Marekani: mwezi Juni 1981 Robert Redford aliwaita waandishi na waongozaji chipukizi kwenye milima ya Utah, wakae pamoja na watu waliokomaa katika fani, wajaribu maonesho yao bila hofu ya mwenye fedha. Kampala walikuja vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, bila kulipa ada, kila mmoja na mswada wake. Waliandika, wakasomewa, wakaandika tena. Mganda Dilman Dila, ambaye leo ni mwandishi na mwongozaji anayejulikana, alipita pale. Mkenya Zippy Kimundu baadaye alishirikiana na Nair mwenyewe kuongoza filamu fupi, A Fork, a Spoon and a Knight, kuhusu Robert Katende, mwalimu wa sataranji wa vitongoji vya Kampala.

Nairobi ilikwenda hatua moja mbele, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 2008 Marie Steinmann, aliyekuwa akifanya sanaa na watoto wa Kibera, na mumewe Tom Tykwer, mwongozaji wa Kijerumani wa Run Lola Run, walianzisha One Fine Day Films. Tunda la kwanza lilikuwa Soul Boy, iliyotoka mwaka 2010: kijana Abila anazunguka Kibera kuitafuta roho ya baba yake iliyochukuliwa. Mswada uliandikwa na Billy Kahora. Tykwer alikuwepo, naye ana jina la kuvuta wafadhili dunia nzima, lakini hakuiongoza filamu ile. Aliiongoza Hawa Essuman, na Tykwer akasimama nyuma yake kama mlezi.

Baada ya hapo mpango ukapangwa vizuri, pamoja na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi na DW Akademie ya Ujerumani. Kwanza darasa: washiriki kutoka nchi mbalimbali za Afrika waligawanywa kwa fani, waandishi huku, wapiga picha kule, wahariri, watu wa sauti, wapambaji wa mandhari, kila kundi na mlezi wake. Kisha baadhi yao walichaguliwa na kuingia kutengeneza filamu ndefu ya kweli, yenye ratiba, bajeti na mvua ya kweli. Mlezi hakumwacha mwanagenzi alipotoka darasani. Walifika wote mahali pa kupiga picha. Seremala hufundishwa hivyohivyo, kwa kupewa mlango utakaobebwa na kufungwa kwenye nyumba ya mtu.

Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ilitoka katika utaratibu huo. David "Tosh" Gitonga aliiongoza, na waandishi wanne waliishughulikia hadithi: Serah Mwihaki, Charles "Potash" Matathia, Samuel Munene na Billy Kahora. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, anatoka kijijini akiwa na ndoto ya uigizaji. Nairobi inamwibia siku ya kwanza na kumtupa mahabusu, akilazimishwa kusafisha choo ambacho mtazamaji anakisikia kwa pua. Watu wanaongea Kikuyu, Kiswahili na Sheng kama tunavyoongea, bila mtu kusafisha ulimi kwa ajili ya mgeni. Wairimu alishinda tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban, na Kenya ikaipeleka filamu hiyo kwenye Oscar, mara yake ya kwanza kushindania tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni. Nakumbuka foleni kwenye sinema za Nairobi, watu wakirudi kuitazama tena na kunukuu matatuni maneno ya Oti, mkuu wa genge katika filamu hiyo.

Zikafuata Something Necessary ya Judy Kibinge (2013), kuhusu majeraha ya ghasia za uchaguzi. Veve (2014) ya Simon Mukali. Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya, iliyopewa tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI Toronto. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina. Na Lusala (2019) ya Mugambi Nthiga.

Wapo wanaosema huu ni mkono uleule wa Vugiri, umevaa glovu mpya. Hoja yao siipuuzi. Fedha nyingi zilikuwa za Ujerumani, na katika Soul Boy na Nairobi Half Life kamera ilishikwa na mgeni, Christian Almesberger. Lakini tazama kilichotokea baadaye: katika Supa Modo kamera imeshikwa na Enos Olik, Mkenya. Naye Judy Kibinge alikuwa ameanzisha Docubox, mfuko wa kuwalea watengenezaji wa filamu za hali halisi Afrika Mashariki, hapohapo Nairobi. Softie ya Sam Soko, iliyosaidiwa na Docubox, ilifika tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2020 na kurudi na tuzo maalumu. Tuzo yenyewe ilikuwa ya uhariri, na mimi niliyetoka River Road niliipokea kama iliyoletwa nyumbani kwangu.

Kwa hiyo nawaambia wenye vituo vya televisheni, Kenya Film Commission na serikali za kaunti: njia imeshajaribiwa, na walezi sasa tunao wenyewe. Tosh yupo, Hawa yupo, Judy yupo, Likarion yupo. Tengeni fedha ya kuwaweka pamoja na vijana kumi kwa miezi mitatu kila mwaka, Kisumu, Mombasa au Eldoret, na mwisho wa miezi hiyo filamu moja ndefu ipigwe. Msisubiri Berlin itume tiketi.