Kivuko cha Gee's Bend

Wapendwa, tunapoimba habari za kuvuka mto, tuwakumbuke Wakristo wa Gee's Bend, kijiji kisicho na halmashauri yake katika jimbo la Alabama, Marekani. Mto Alabama umekizunguka pande tatu. Wakazi wengi wangali wakiitwa Pettway, jina la bwana aliyewamiliki mababu zao. Mwaka 1962, walipoanza kuvuka kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura, kivuko kiliondolewa. Hawakukata tamaa, walizunguka kwa barabara ndefu. Februari 1965, Martin Luther King alizungumza nao kanisani mwao. Kivuko kilirudi mwaka 2006, baada ya miaka 44. Nasi tunaochoka kuomba baada ya mwezi mmoja, tujifunze kwao kungoja huku tukitembea.