Watoto Watakapouliza

Katika somo moja la katekesi tuliwaonyesha watoto picha ya miamba ya Tassili n'Ajjer, katika jangwa la Sahara upande wa Algeria. Watu wa kale walichonga na kuchora juu yake tembo, viboko na ng'ombe, kwani zamani zile nchi hiyo ilikuwa na maji na majani. Leo wageni huvuka mchanga na mawe kwa miguu ili kuitazama, wengine pamoja na watoto wao. Mtoto mmoja akauliza: nasi watu wa Masisi na Walikale, wahenga walituachia alama gani? Tulinyamaza kidogo.

Jibu la kwanza limo katika jimbo letu la Kivu Kaskazini. Mwaka 1950, huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye urefu wa sentimita 10 hivi. Umekatwa alama katika safu tatu: mbili zina alama 60 kila moja, ya tatu ina 48. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000. Wengine huona humo hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine mikato ya kuzuia mkono usiteleze. Mfupa huo umehifadhiwa Brussels, mbali na watoto wa Kivu.

Jibu la pili limo msituni. Unyevu wa Walikale huozesha mti na mfupa, lakini wazee Wanyanga walichonga katika masikio ya watoto wao. Mwaka 1956 msimulizi Rureke alisimulia na kuimba habari za shujaa Mwindo kwa siku 12. Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, walizichapisha mwaka 1969.

Leo watoto wengi wetu wamezaliwa kambini na hawajakanyaga kilima cha babu zao. Mzee akifia ugenini, habari za ukoo huzikwa pamoja naye. Basi wazazi na wasimulie, hata chini ya turubai.

Lakini tukiri pia kosa letu. Mara nyingi tumewasimulia watoto habari za kale ili kuwafundisha nani alitangulia kufika, nani ni mgeni, shamba hili ni la nani. Kumbukumbu ya namna hiyo imenoa mapanga. Mfupa wa Ishango watukemea: aliyeukata aliishi kabla ya makabila yetu yote kupata majina, na hakuna kati yetu awezaye kusema ni wake peke yake.

Waisraeli walipotoka jangwani na kuvuka Yordani, Yoshua aliagiza yachukuliwe mawe 12 kutoka mtoni, ili siku moja watoto waulize maana yake. Kila kabila lilitoa jiwe lake, lakini mawe yote yalisimikwa mahali pamoja, nayo yalisimulia wema mmoja wa Mungu. Tena watu hao waliagizwa kumpenda mgeni, kwa kuwa nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri.

Watoto wetu wameanza kuuliza. Kila familia na ilete jiwe lake, tuyasimike pamoja.