Mtoto wa Nani? Cheti cha Kuzaliwa na Historia ya Kumlea Mwanasoka

Jumamosi moja ya mwezi Machi, kando ya kiwanja ambacho mwanangu hufanyia mazoezi jijini Dar es Salaam, mwalimu mmoja wa akademi alinivuta pembeni kwa adabu zote. "Dokta," aliniambia, "kijana ana mpira mguuni, ila umri unamkimbia. Tukimpunguzia miaka miwili, milango itafunguka." Alizungumza kama mtu anayeshauri tubadilishe namba ya njumu. Mwanangu ana miaka 15. Mimi ninalipwa mshahara kwa kuwafundisha watoto wa watu namna ya kuhoji uhalali wa nyaraka, na pale nilikuwa ninaombwa kughushi waraka wa kwanza kabisa wa maisha ya mtoto wangu.

Nakiri kwamba sikukataa papo hapo. Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu za miaka, na ni aibu ya hesabu zile iliyonirudisha kwenye swali la kihistoria: tumefikaje mahali ambapo mzazi anasimama peke yake mstarini, cheti mkononi, akijadiliana bei ya utoto wa mwanawe?

Nilikulia Morogoro katika miaka ya 1980. Timu yetu ilikuwa Reli, Kiboko ya Vigogo, na jina lenyewe linaeleza nani alikuwa mlezi wake. Mwanza walikuwa na Pamba, iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1990. Mashirika ya umma yaliajiri wachezaji kama mafundi, makarani na madereva. Mshahara ulitoka shirikani, na mpira ulipokwisha, kazi ilibaki. Huku chini kulikuwa na chandimu mtaani, kisha shule, kisha UMISHUMTA na UMISSETA. Mwalimu wa michezo ndiye aliyekuona, akakuandika jina, akakupandisha lori kwenda wilayani. Mzazi alipata habari baadaye, wakati mwingine baada ya kuona kaptula ya shule imechanika. Marehemu baba yangu hakuwahi kuniuliza nacheza namba ngapi. Mchango wake katika soka langu ulikuwa fimbo.

Mfumo ule ulibomoka vipande vipande. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990 yaliyabinafsisha au kuyafilisi mashirika, na timu zikafuata njia ya wafadhili wao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ikasimamisha mashindano ya michezo ya shule, kwa hoja kwamba yanawaondoa wanafunzi kwenye masomo. Yaliporejeshwa miaka kadhaa baadaye, viwanja vingi vya shule vilikuwa vimekwisha kumegwa. Hata hivyo nawaonya wanafunzi wangu, ambao hupenda kuililia enzi wasiyoiishi: Taifa Stars walicheza fainali za Afrika Lagos mwaka 1980, baada ya lile bao la Peter Tino kule Ndola, kisha wakasubiri hadi 2019 kurudi. Zaidi ya miaka kumi ya mwanzo ya ukame huo ilikuwa ni enzi ya mashirika yenyewe. Na katika lori lile la wilayani, nafasi ya msichana kwenye soka haikuwapo kabisa.

Akademi, basi, zilikuja kuziba pengo ambalo dola iliacha. Lakini akademi si kitu kimoja. Mwaka 1987 pale Mathare, Nairobi, vijana walianza ligi yao chini ya MYSA ambayo timu hupata pointi kwa kushinda mechi na pia kwa kusafisha mitaro na kuzoa taka za mtaa wao. Mtoto pale hulelewa na mtaa, na huulea. Abidjan, katika miaka ya 1990, Mfaransa Jean-Marc Guillou na klabu ya ASEC Mimosas walichagua wavulana wachache, wakawapa malazi, chakula na shule. Mwaka 1999 vijana hao waliifunga Espérance ya Tunisia 3-1 katika Kombe la Super la Afrika; miongoni mwa waliopita kwenye akademi ile ni Kolo na Yaya Touré. Wazazi hawakulipa ada. Klabu iligharimia ikitazamia kuuza, na ikauza.

Ya kwetu mijini, kwa sehemu kubwa, ni aina ya tatu: mzazi analipa ada ya mwezi, jezi, nauli na usajili wa mashindano, huku mwenye kituo akitumaini pia kuuza. Hatari yote iko kwa familia, lakini faida imekwisha kuandikiwa mwenyewe. Kanuni za FIFA za mwaka 2001 zinaagiza kwamba mchezaji anapouzwa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa mauzo ya euro milioni 1, kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya euro 2,500, na kila mwaka baada ya hapo euro 5,000. Mzazi hana fungu humo. Kanuni hizo hizo huzuia, isipokuwa kwa masharti maalumu, kijana wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nje ya nchi. Kwa hiyo ahadi ya "majaribio Ulaya" kwa mtoto wa miaka 15 ihojiwe kwa sauti kubwa.

Sasa nieleze kwa nini umri unapunguzwa. Katika soka la vijana, kijana wa miaka 17 akisimama kati ya watoto wa 15 huonekana fundi kwa sababu ya misuli tu. Mwalimu anashinda kombe, wakala anapata picha za video. Serengeti Boys waliondolewa katika fainali za Afrika za 2005 kwa suala la umri, na kizazi kizima cha vijana waaminifu wa timu ile kikabaki nyumbani. Tangu 2009 FIFA hupiga picha za MRI za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Mfupa ulioungana hauombwi radhi. Anayedanganya pia huvuruga kumbukumbu za malezi yake mwenyewe, zile zile ambazo klabu ya kwanza huzihitaji ili ilipwe.

Wiki iliyofuata nilimwambia mwalimu hapana. Tangu siku hiyo mwanangu anaanzia benchi, na nyumbani tulikaa siku nne bila yeye kuniamkia vizuri. Siku ya tano aliniuliza kama wenzake wawili, ambao naamini vyeti vyao vimebadilishwa, ni wezi. Nilimjibu kwamba ni watoto. Alinitazama muda mrefu, akachukua begi lake akaenda mazoezini.

Mkataba mpya wa akademi ninao mezani. Kifungu cha tisa kinataka nikabidhi "haki zote" za mchezaji hadi afikishe miaka 21. Nimekipigia mstari, nikaurudisha bila saini pamoja na nakala ya cheti chenye tarehe yake halisi, na ninasubiri majibu.