Mabinti 930 wa Mwanza waliobadili chanjo ya saratani, na majina yao huyajui

Zamani misafara ikifika Tabora njia ziligawanyika: moja Ujiji, nyingine kaskazini hadi Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi ambao leo wengi hawana hata jina.

Mwaka 2017 hukohuko Mwanza, wengine wasiojulikana wakaanza yao: wasichana 930, miaka 9 hadi 14.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1970 wataalamu wengi waliamini saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na hepesi, kile kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Mjerumani mmoja akaitafuta kwenye vipande vya uvimbe, hakuiona. Wenzake wakambishia weee! Mwaka 1983 akakuta kirusi cha papiloma, HPV namba 16. Nobel akaibeba 2008. Kumbe HPV ndiyo inabadilisha seli taratibu, hata miaka 15, na mwenyewe huna habari.

Tanzania ilianza kuchanja nchi nzima 2018, dozi 2. Ya pili ndiyo kasheshe: binti kahama, kaacha shule.

Wale 930 waligawanywa, dozi 1, 2 au 3. Baada ya miaka 2, zaidi ya asilimia 97 ya waliopata moja walikuwa na kinga dhidi ya HPV 16. Ushahidi wao ukaingia mezani, na 2022 WHO ikakubali dozi moja. Tanzania ikafuata 2024.

Wale wa "inafunga kizazi" bado wapo, hawachoki. Ila binti wa Tabora leo anachomwa mara moja tu, anarudi darasani.