Misitu ya mawingu juu ya Mwanda: viumbe wasiopatikana kwingine

Msafiri anayepanda kutoka joto la Voi hadi Mwanda, kaunti ya Taita Taveta, hulazimika kutoa sweta njiani. Jirani na Mwanda kuna Mlima Vuria, wenye kimo cha mita 2,208, ndio kilele cha juu kabisa cha milima ya Taita. Pepo za Bahari Hindi hufika hapa zikiwa na unyevu. Zikipanda mlima hupoa na kuwa ukungu, na ukungu huo hunaswa na majani ya miti, ukadondoka chini hata siku isiyo na mvua.

Taita ni ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania. Kwa kuwa milima hii imezungukwa na nyika kavu ya Tsavo, viumbe wake wamekaa peke yao kwa muda mrefu mno, wakawa tofauti na wenzao.

Miongoni mwao ni ndege wawili, Turdus helleri, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, na Apalis fuscigularis, mdogo mwenye koo jeusi. Yupo kinyonga Kinyongia boehmei, ambaye jina lake la kisayansi limetokana na neno letu "kinyonga". Chura Callulina dawida, aliyetangazwa mwaka 2009, amepewa jina la Wadawida wenyewe. Chini ya udongo huishi Boulengerula taitana, jamaa ya vyura asiye na miguu, ambaye wengi humdhania nyungunyungu. Katika msitu wa Mbololo huota ua la urujuani, Saintpaulia teitensis.

Wote hawa hawapatikani porini popote pengine duniani.

Tatizo ni kwamba makao yao yamebaki vipande. Mbololo una hekta 200 hivi, Ngangao 120 hivi, na Chawia haufiki 100. Kati yake ni mashamba, nyumba na miti ya kigeni kama misonobari na mikaratusi. Ndege aliyezoea kivuli cha msituni haruki kirahisi juu ya shamba la mahindi, kwa hiyo kila kipande hugeuka kisiwa. Picha za angani zinaonyesha kuwa msitu wa asili ulipungua kwa karibu nusu kati ya 1955 na 2004.

Wazee wa Kitaita walikuwa na Fighi, misitu mitakatifu isiyoruhusiwa kukatwa ovyo, na baadhi yake bado imesimama. Mkulima naye anahitaji kuni, mbao na ardhi, na mkaratusi hukua upesi. Lakini chemchemi za milima hii ndizo zinazoanzisha Mto Voi, unaoteremka hadi Tsavo Mashariki. Kupanda miti ya kienyeji kwenye vyanzo vya maji, na kuunganisha kipande kwa kipande, ni kumwekea ndege njia na binadamu maji.