Fidia Alilipwa Nani?

Leo tuzungumze historia kidogo, maana kuna jambo ndani yake linatuhusu sisi wanawake.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar. Lakini waliokuwa tayari majumbani mwa watu walibaki watumwa mpaka Aprili 1897, Sultani Hamoud alipotoa amri kuwa mahakama hazitautambua utumwa tena. Hata hapo, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Akiupata, fidia alilipwa bwana wake! Yeye aliyelima na kupika miaka yote hakupewa hata senti. Na masuria hawakuwekwa katika amri ile, wakangoja mpaka 1909.

Sasa tazameni karne yetu. Mwaka 2000 Mtanzania mwenzetu alikwenda Marekani kufanya kazi za ndani kwa afisa wa ubalozi wetu. Alinyang'anywa pasipoti, akafanya kazi miaka minne bila mshahara, kisha akatoroka. Afisa alikuwa na kinga ya kibalozi, kumfunga jela ilikuwa vigumu. Lakini tangu 2003 sheria ya Marekani inamruhusu aliyesafirishwa na kutumikishwa kufungua kesi ya madai yeye mwenyewe. Mwaka 2007 akafungua mjini Washington. Mwaka 2008 mahakama ikaamua alipwe zaidi ya dola milioni moja.

Kuzipata ilikuwa kazi nyingine, kwani afisa aliondoka nchini humo. Ila uamuzi ulishaandikwa: safari hii mwenye kudai fidia ni yule aliyetumikishwa.

Kesi ya jinai humwadhibu mkosaji. Kesi ya madai humrudishia aliyedhulumiwa jasho lake. Kifungo cha tajiri hakimnunulii binti cherehani wala hakimlipii ada ya mtoto.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, nayo imetaja fidia kwa waathirika. Huku Chole ya Kisarawe, si ile ya Mafia, mabinti wanachukuliwa kwenda kazi za ndani kwa maneno matupu. Mzazi, andika jina la anayemchukua, simu yake, nyumba anayompeleka na mshahara waliokubaliana, na mashahidi wawepo. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema mahakamani siku binti akidai haki yake.

Dhuluma haifutwi kwa kusema pole tu. Jasho la mtu lilipwe.